Breka Haijizimi Bure: Maswali na Majibu kuhusu Umeme wa Nyumbani

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, si mji wa taa tatu na redio tena. Nyumba ile ile iliyofungwa nyaya za taa na soketi mbili leo ina friji la soda la kuuzia dirishani, televisheni, pasi na birika la umeme. Wilaya yenyewe ina mradi mkubwa wa umeme wa jua kijijini Ngunga, uliopangwa kufikia megawati 150. Nyaya za ndani, hata hivyo, mara nyingi ni zile za siku ya kwanza. Haya ndiyo maswali ambayo fundi umeme huulizwa zaidi huku kwetu.

Swali: Fundi, breka inajizima kila jioni. Nikiirudisha inakaa dakika kumi, inajizima tena. Ninunue kubwa zaidi?

Jibu: Hapana, mama. Angalia kwanza inajizima lini, kwa sababu muda wenyewe unakuonyesha ugonjwa. Ikijizima papo hapo unapoirudisha, kuna shoti: waya wa moto umegusana na nyutro. Ikikaa dakika kadhaa ndipo ijizime, mzigo umezidi. Ikijizima siku za mvua tu, maji yameingia mahali, aghalabu kwenye taa ya nje.

Jioni ndipo birika, pasi na jiko la koili hukutana. Birika la wati 2,000, jiko la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 ni wati 5,200. Gawanya kwa volti 230 upate karibu ampia 23. Waya wa milimita mraba 2.5 unaotoka kwenye boksi na kuishia soketi ya mwisho kwa kawaida hulindwa na breka ya ampia 20. Ukiweka ya 40, breka itatulia na waya utaungua ndani ya ukuta. Ni kama kumziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku. Kufunga vipande vya waya mahali pa fyuzi ni kosa lile lile.

Kama si mzigo, chomoa vifaa vyote, zima breka ndogo zote, washa swichi kuu, kisha rudisha breka moja moja. Ile inayoangusha umeme ndiyo njia yenye hitilafu. Iache imezimwa, mwite fundi.

Swali: Juzi taa zangu ziling'aa kupita kiasi, chaja ikaungua. Kwa jirani zilififia. Umeme wa ule mgodi wa wilayani kwetu umezidi?

Jibu: Usitafute mchawi mgodini. Hiyo ni dalili kubwa ya nyutro iliyokatika au kulegea kwenye nguzo. Nyumba za mtaa mmoja hugawiwa fezi tatu na huchangia nyutro moja. Ikikatika, nyumba moja inaweza kupokea volti zaidi ya 300 na nyingine chini ya 150. Hapo hakuna la kuchunguza: zima swichi kuu mara moja, wapigie TANESCO namba 180, na waambie majirani nao wazime. Kuanzia nguzoni hadi mita ni kazi ya shirika. Baada ya mita ni nyaya zako na wajibu wako.

Ikiwa taa inafifia chumba kimoja tu, tatizo ni la ndani, kwa kawaida skrubu iliyolegea kwenye swichi au holda.

Swali: Nikigusa friji nikiwa peku linanitekenya. Nikivaa kandambili, kimya. Nimezoea.

Jibu: Usizoee. Kandambili zimekuficha ugonjwa, hazijautibu. Umeme unavuja hadi kwenye bodi ya friji na unakosa njia ya kwenda ardhini, kwa hiyo unakutumia wewe. Moyo unaweza kuvurugwa na miliampia 30 tu. Taa ndogo ya wati 10 inatumia zaidi ya 40.

Chomoa friji sasa hivi, kisha fundi akague waya wa ethi na ile fimbo iliyozikwa nje. Mara nyingi hukuta waya umekatwa na jembe, au umeibwa ukauzwe chakavu. Kuna na jambo la hali ya hewa yetu: kuanzia Juni hadi Oktoba udongo hukauka sana, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo fupi iliyofanya kazi masika inaweza isifae kiangazi. Izikwe kwa kina, mahali penye unyevu wa kudumu, na ipimwe kwa kipimo, si kwa macho.

Mwombe pia afunge breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia. Hukata kwa miliampia 30, kabla moyo haujasimama. Kibonyeze kitufe hicho kila baada ya miezi michache, isipokata, ibadilishwe.

Onyo moja: ukiona bati la paa au kamba ya waya ya kuanikia nguo inatekenya, usirudie kugusa. Waya uliochunika ganda umelalia bati. Zima swichi kuu.

Swali: Uniti za LUKU zinaisha haraka kuliko zamani. Mita imeharibika?

Jibu: Huenda, lakini anza na nyumba. Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Zima na uchomoe kila kitu, acha swichi kuu imewashwa, kisha tazama kitaa kinachopepesa kwenye mita. Kikiendelea kupepesa, kuna waya unaovuja, au kuna mtu amejiunga upande wako. Zima na swichi kuu. Kikipepesa hata hapo, ripoti TANESCO. Lakiri ya mita usiiguse.

Kikitulia ulipochomoa vitu, mlaji ni kifaa. Mtazame kwanza friji: mpira wa mlango ukichoka, mota haipumziki.

Swali: Soketi imekuwa nyeusi na inanuka plastiki. Inafanya kazi lakini.

Jibu: Inafanya kazi ya kuwasha moto. Weusi ni alama ya mguso uliolegea: umeme unaruka upenyo mdogo na kuzalisha joto. Zima breka ya soketi hiyo, usiitumie mpaka ibadilishwe, na plagi iliyoungua ibadilishwe pia, la sivyo itaharibu soketi mpya. Waya wa eksitensheni usiuache umeviringishwa unapotumia pasi. Joto halipati pa kutokea. Moto wa umeme ukiwaka, usimwage maji. Kata umeme, toka, piga Zimamoto 114.

Swali: Radi je? Breka itaokoa televisheni?

Jibu: Haitaokoa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi, na Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe. Chomoa vifaa na waya wa antena mapema, wingu likiwa bado mbali. Ngurumo zikishaanza, usishike plagi. Kaa ndani, mbali na nyaya na mabomba.

Swali: Mtu akinaswa na umeme?

Jibu: Usimshike. Zima swichi kuu. Kama huifikii, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Waya wa nguzo ulioanguka usiusogelee hata kwa mti. Kaeni mbali, pigeni 180. Akiwa huru lakini hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, maana moyo unaweza kuvurugika baadaye.

Swali: Nifanye nini mwenyewe, na nini nimwachie fundi?

Jibu: Badilisha taa, chomoa, zima, angalia, nusa. Kufungua boksi, kuongeza soketi na kupima ethi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie akuonyeshe, hiyo si dharau.

Kuna jambo moja halihitaji fundi wala fedha. Katika nyumba nyingi, swichi kuu imejificha nyuma ya kabati au gunia la mtama, na anayeijua ni baba peke yake. Leo jioni sogeza gunia hilo, waite wote, hata mtoto wa darasa la pili, na kila mmoja aonyeshe kwa kidole inapozimwa.