Karatasi Husamehe, Kibao Hakisamehe

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika shule yetu wako wanafunzi kumi na wawili ambao kila Jumamosi, baada ya usafi wa mabweni, huonekana wakiloweka madaftari makuukuu katika beseni, au wakichonga soli za kandambili kwa wembe. Wenzetu hutuita "watu wa takataka". Jina hilo halituudhi kwa sababu ni la kweli: karibu kila kitu tunachokitumia kilikuwa kimekwisha kutupwa. Lakini wengi hutuuliza faida ya kazi hii, na hasa sisi wa Kidato cha Nne ambao mtihani uko mlangoni. Nimeona yafaa nieleze kwanza kazi yenyewe, hatua kwa hatua, ili kila apendaye aweze kuifanya nyumbani wakati wa likizo. Kisha nitalijibu swali hilo.

ASILI YA KAZI HII

Karatasi ilianza China. Yasimuliwa kwamba mwaka 105 ofisa wa mfalme aliyeitwa Cai Lun alimweleza mfalme wake jinsi ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Angalieni, wenzangu: matambara na nyavu kuukuu! Basi tangu mwanzo karatasi ni mtoto wa takataka. Ujuzi huo ulifika Samarkand na Baghdad katika karne ya 8, na baadaye Waarabu wakaupeleka hata Ulaya. Neno letu "karatasi" nalo tumelipata kwa Waarabu.

Kupiga chapa kwa vibao nako kulianza huko huko mashariki ya Asia. Kitabu cha dini ya Kibuddha kiitwacho Diamond Sutra kilipigwa chapa China mwaka 868 kwa vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono, nacho kingali kimehifadhiwa katika maktaba kuu ya Uingereza mjini London.

Siku hizi wachongaji wengi hutumia linoleamu badala ya mti. Kitu hiki kilibuniwa na Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kufunika sakafu, wala hakikukusudiwa kuwa cha wachoraji. Katika Afrika, mtu aliyejulikana sana kwa kazi hii ni John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943, akaishi Namibia, na akajifunza katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift huko Afrika Kusini. Picha zake nyingi ni nyeusi na nyeupe, na aghalabu ndani yake aliandika maneno ya kueleza habari yenyewe. Alifariki mwaka 1987, lakini picha zake zinatazamwa mpaka leo katika nchi nyingi.

SOMO LA KWANZA: KUTENGENEZA KARATASI

Chukua madaftari yaliyokwisha. Ondoa pini zote, kisha chanachana kurasa ziwe vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Loweka vipande hivyo usiku kucha. Asubuhi vitwange katika kinu pamoja na maji kidogo mpaka viwe kama uji usio na madonge. Tulipokwenda jikoni mara ya kwanza kuazima kinu, Mama Mpishi alitutazama akasema, "Wanangu, mahindi yamekwisha duniani hata mtwange madaftari?" Alitupa kinu cha zamani chenye ufa, na tangu siku ile ndiye hutuwekea majivu.

Majivu yana kazi yake. Kila karatasi itwangwapo upya nyuzinyuzi zake hukatika na kuwa fupi, na karatasi hudhoofika. Kwa hiyo hapana budi kuongeza nyuzi mpya zilizo ndefu. Sisi hutumia shina la mgomba lililokatwa vipande vidogo na kuchemshwa saa tatu au nne katika maji ya majivu. Maji hayo hulainisha shina na kuziachanisha nyuzi. Baada ya hapo zioshe vizuri kwa maji safi, uzitwange, na uzichanganye na uji wa madaftari.

Sasa tengeneza fremu ya mbao yenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 21, uivute juu yake chandarua kuukuu na kukipigilia misumari midogo ili kikazike kama ngozi ya ngoma. Mimina uji wako katika beseni kubwa lenye maji, uukoroge kwa mkono, uzamishe fremu ikiwa imesimama kidogo, uilaze chini ya maji, kisha uiinue ikiwa sawasawa. Itikise taratibu kushoto na kulia, mbele na nyuma, maji yakiwa yanachuruzika. Mtikiso huo ndio unaozifanya nyuzi zishikane kwa kupishana. Zikikauka hushikamana zenyewe pasipo gundi yo yote.

Pindua fremu juu ya kipande cha blanketi, karatasi itabaki pale. Weka kipande kingine juu yake, na karatasi nyingine, mpaka upate fungu. Likandamize kwa matofali muda wa saa moja, kisha anika. Karatasi itakayoandikwa kwa kalamu ya wino yafaa ipakwe uji mwepesi wa muhogo, la sivyo wino utasambaa kama juu ya pamba.

Hapa niwape onyo. Muhula uliopita tulianika karatasi ishirini na saba zilizopakwa muhogo juu ya majani nyuma ya bweni. Tulipotoka kula chakula cha mchana tuliwakuta mbuzi wa kijijini wakimalizia karatasi ya ishirini na tano. Mwalimu wetu wa sanaa alicheka akasema kwamba hao ndio wasomaji wetu wa kwanza. Tangu siku ile twaanika ndani, juu ya kamba.

SOMO LA PILI: KUCHONGA KIBAO

Linoleamu haipatikani katika duka la karibu nasi, kwa hiyo twatumia soli za kandambili zilizokatika kanda. Sugua soli juu ya sakafu ya saruji mpaka iwe laini pande zote. Wembe hutosha kwa mistari iliyonyoka. Kwa kuchimba tunatumia vyuma vya mwavuli mbovu. Chuma cha mwavuli kina mfereji katikati. Kikikatwa na kunolewa juu ya jiwe ncha yake huwa patasi ndogo nzuri sana. Wala huu si umaskini wetu tu. Katika miaka ya 1920, Claude Flight aliyekuwa akifundisha kazi hii mjini London aliwashauri wanafunzi wake watumie vyuma hivyo hivyo vya mwavuli.

Kumbuka mambo mawili. La kwanza, unachokiondoa kitakuwa cheupe, na unachokiacha kitakuwa cheusi. Yaani humchongi ndege. Wachonga hewa iliyomzunguka. La pili, picha itatoka kinyume, kushoto kuwa kulia. Mwenzetu mmoja alichonga kwa siku tatu maneno KARIBUNI WAZAZI kwa ajili ya siku ya wazazi, herufi zake zikiwa nzuri kuliko za kitabu. Alipopiga chapa, wazazi wakakaribishwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeifahamu. Dawa yake ni rahisi: andika kwanza juu ya karatasi nyembamba kwa penseli laini, igeuze kifudifudi juu ya soli, uisugue kwa ukucha. Maneno yatabaki juu ya soli yakiwa yamegeuka, nawe utayafuata yalivyo.

SOMO LA TATU: KUPIGA CHAPA

Wino tunautengeneza kwa masizi ya sufuria yaliyochekechwa katika kitambaa na kuchanganywa na vanishi kidogo kidogo mpaka yawe mazito kama asali. Rola yetu ni chupa ya soda iliyovikwa mpira wa ndani wa baiskeli. Tandaza wino juu ya kioo, upitishe rola mara nyingi, na utege sikio. Wino ukiwa kiasi chake, rola husikika ikinong'ona. Ikilia kama mtu apitaye matopeni, wino ni mwingi, nao utaziba mistari yote myembamba.

Paka kibao wino, weka karatasi juu yake bila kuisogeza, kisha sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, kuanzia katikati kwenda pembeni. Inua pembe moja uchungulie. Pakiwa na weupe usiotakiwa, irudishe na usugue tena. Ukimaliza, andika namba chini kwa penseli. Namba 5/20 maana yake hii ni chapa ya tano katika ishirini. Ukisema ishirini, zisiwe ishirini na moja. Mnunuzi hana njia ya kukuhesabia, anategemea uaminifu wako tu.

JIBU LA SWALI

Sasa nirudi kwenye swali la faida. Mwezi wa Machi baba yangu aliniandikia hivi: "Mwanangu, nasikia unacheza na karatasi. Mbuzi wawili niliowauza walikuwa kwa ajili ya nauli na vitabu vyako, si kwa ajili ya michezo. Nieleze." Naamini wapo wazazi wengine wenye neno kama hilo moyoni, nao wana haki.

Nilimjibu kwa heshima kwamba kazi hizi mbili zimenifundisha mambo mawili yasiyofanana. Karatasi husamehe. Ikitoka na tundu au ikiwa nene upande mmoja, huitupi. Unairudisha katika beseni, unaikoroga, unaanza upya. Lakini kibao hakisamehe. Kipande kilichokwisha kukatwa hakirudi, hata ukilia. Ndiyo maana mchongaji hutazama mara kumi akakata mara moja.

Nami naona masomo yetu yana pande hizo hizo mbili. Madaftari yetu ni beseni. Humo yafaa tujaribu hesabu, tufute, turudie, bila kuona haya, kwa maana bado tunasamehewa. Chumba cha mtihani ni kibao. Wako wanafunzi wanaoliogopa daftari kana kwamba ni kibao: hawajaribu swali lo lote mpaka wawe na hakika. Na wako wanaouendea mtihani kana kwamba ni beseni: wanaanza kuandika kabla ya kulisoma swali mpaka mwisho. Kujua sasa uko wapi, penye beseni au penye kibao, ni elimu ambayo mimi niliipata Jumamosi na sasa naitumia Jumatatu.

Barua hiyo niliiandika juu ya karatasi iliyotokana na madaftari yangu mwenyewe ya hesabu ya Kidato cha Pili, na juu yake nikapiga chapa ya mbuzi wawili. Baba alijibu kwa mistari mitatu: "Barua nimeipata. Mbuzi wanafanana. Mtihani kwanza." Kwa hiyo, mpaka mtihani upite, nimejiwekea saa mbili tu za Jumamosi, wala sizidishi. Huo ndio mkataba wetu.

ZOEZI

Wale wa madarasa ya chini wajaribu jambo hili kabla ya kushika wembe. Andika neno MAMA kwa herufi kubwa, uliweke mbele ya kioo. Kila herufi peke yake haikubadilika, lakini neno limekuwa AMAM. Kisha andika AMA. Hilo halikubadilika hata kidogo. Sasa andika UTU. Nalo ukilichonga wima au ukilichonga kinyume, litatoka UTU vile vile. Je, yako maneno mengine ya Kiswahili ya namna hiyo? Anayelipata na aje nalo Jumamosi, saa nane mchana, katika chumba cha kazi za mikono, pamoja na kandambili moja iliyokatika. Tutamwonyesha mahali pa kuanzia.