Kufunga Mlango wa Wiki ya Kikundi

Baadhi ya vikundi vya kuweka na kukopa hutunza mihtasari ya vikao na orodha za wanachama katika wiki, yaani daftari la pamoja la mtandaoni, lililowekwa kwenye seva ya kikundi chenyewe. Uhuru huo una wajibu wake: hakuna mtoa huduma atakayewafungia mlango. Tapeli akisoma namba za simu na madeni ya wanachama, watakaoumia ni wanachama hao. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Tuchukue mfano wa DokuWiki, programu ya bure isiyohitaji hifadhidata.

1. Wakati wa kuisakinisha, programu huuliza aina ya wiki: ya wazi, ambayo yeyote husoma na kuandika, ya umma, ambayo yeyote husoma lakini waliosajiliwa tu huandika, au iliyofungwa, ambayo ni ya waliosajiliwa pekee. Chagueni iliyofungwa.

2. Ondoeni ruhusa ya watu kujisajili wenyewe. Ruhusa hiyo ikibaki, mgeni atafungua akaunti na kuingia, na wiki itakuwa imefungwa kwa jina tu.

3. Kila mwanachama apewe akaunti na nywila yake. Akaunti ikitumiwa na watu wengi, historia ya kurasa haitaonyesha ni nani aliyebadilisha hesabu. Anayeondoka kikundini, akaunti yake ifutwe siku hiyo hiyo.

4. Usakinishaji ukikamilika, futeni faili la install.php.

5. Seva itumie HTTPS, ili nywila zisinaswe njiani.

Hatimaye, fanyeni jaribio. Bila kuingia kwenye akaunti yoyote, andikeni katika kivinjari anwani ya wiki yenu, kisha mwongeze data/pages/wiki/dokuwiki.txt. Maandishi yakitokea, seva inayaanika mafaili ya wiki moja kwa moja, na nywila hazitazuia kitu. Mwagizeni fundi azuie makabrasha ya data na conf yasifikiwe kutoka nje, kisha rudieni jaribio.

Tunawashauri msiweke jina la mwanachama yeyote katika wiki kabla jaribio hili halijafaulu.