Somo la Mabeki: Jinsi Ukuta wa Arsenal Ulivyojengwa Upya

Leo tunaongea mpira, na tunaongea mabeki. Wengi wenu mnajua mimi ni wa Arsenal. Ninyi wa Man U na Chelsea nivumilieni mpaka mwisho, maana hata kwenu kuna cha kuondoka nacho.

Kwa nini mabeki? Kwa sababu kila Jumapili baada ya Misa ya pili, tukianza kupanga timu pale uwanjani, kila mtu anataka namba tisa au namba kumi. Ubeki anapewa aliyechelewa kufika. Na kibanda umiza ni hivyohivyo: bao likiingia watu wanaruka mpaka mabenchi yanaanguka, lakini beki akizuia mpira ule ule usiwe bao, husikii kitu. Wanamkumbuka siku akikosea.

Sasa turudi Agosti 2021. Arsenal ilianza msimu kwa kupoteza mechi tatu mfululizo. Brentford 2-0, Chelsea 2-0, halafu Manchester City 5-0. Hesabu mwenyewe: mabao tisa ya kufungwa, sisi hatujafunga hata moja, na tulikuwa wa mwisho kwenye msimamo wa Ligi Kuu ya Uingereza. Wiki ile kuvaa jezi nyekundu mtaani kulihitaji moyo. Msimu ulipoisha tulikuwa tumefungwa mabao 48. Uliofuata, 43. Msimu wa 2023/24 tukafungwa 29 tu katika mechi 38, na hakuna timu iliyofungwa machache zaidi kwenye ligi. Kutoka 48 hadi 29 kwa miaka miwili! Hiyo haikuja kwa bahati, na ndiyo nataka tuiangalie.

Tuanze na mtu mmoja, William Saliba. Arsenal walimnunua mwaka 2019 kutoka Saint-Étienne akiwa na miaka 18. Ungedhani ataingia uwanjani mara moja. Wapi! Alirudishwa Saint-Étienne kwa mkopo, baadaye akapelekwa Nice, kisha Marseille. Miaka mitatu inapita, mkataba ni wa Arsenal, na hajacheza hata mechi moja ya ushindani katika timu ya kwanza. Mitandaoni watu walishasema huyu ameshindwa. Yeye huko Marseille akacheza vizuri mpaka akapewa tuzo ya mchezaji bora kijana wa ligi ya Ufaransa msimu wa 2021/22. Agosti 2022 ndipo akavaa jezi yetu kwenye ligi, dhidi ya Crystal Palace, na tukashinda 2-0 ugenini.

Wiki iliyofuata ndiyo ninayotaka uikumbuke. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ligi mbele ya mashabiki wa nyumbani, dhidi ya Leicester. Tunaongoza mbili bila. Mpira unakuja, Saliba anataka kumrudishia kipa kwa kichwa, unaingia wavuni. Bao la kujifunga. Na wale mashabiki walifanya nini? Waliimba jina lake. Hawakungoja asawazishe makosa kwanza, waliimba palepale, mpira ukiwa bado unaendelea. Tukashinda 4-2.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya mwenzake wa kati, Gabriel Magalhães. Dhidi ya Fulham alichelewa na mpira mguuni, Mitrović akampokonya na kufunga. Ødegaard akasawazisha, na dakika za mwisho, kwenye kona, aliyeusukumia mpira wavuni ni Gabriel huyohuyo. 2-1.

Naisimulia hii kwa sababu kuna kijana wa kwetu, sitamtaja, aliyejifunga tulipocheza na kigango cha jirani. Watazamaji walimzomea mpaka filimbi ya mwisho. Hakuonekana mazoezini wiki tatu, na alipokuja alisema sasa anataka kucheza winga. Ni beki mzuri kuliko wote tulionao. Timu yetu bado inatafuta mtu wa kukaa nafasi ile.

Ila tusidanganyane, kuimba peke yake hakuzuii mabao. Kuna ufundi. Kwanza, beki wa leo analindwa na walio mbele yake. Mtazame Ødegaard timu inapopoteza mpira: hasimami mikono kiunoni, anakimbilia aliyeuchukua, na anawanyooshea wenzake mkono wamfuate. Adui akibanwa kule kwenye nusu yake, anapiga mpira ovyo, na mpira ukipigwa ovyo beki anauokota kirahisi. Pili, mabeki wetu wanasimama juu, karibu na katikati ya uwanja. Hiyo ni hatari, maana nyuma yao kunabaki uwanja mtupu. Inawezekana kwa sababu Saliba ana mbio. Hata mshambuliaji akipenya, anamfikia na kumnyang'anya bila rafu. Tatu ni Ben White. Huyu alinunuliwa Brighton mwaka 2021 kwa pauni milioni 50 kama beki wa kati. Saliba aliporudi, White akahamishiwa kulia. Mtu wa bei ile angeweza kununa. Yeye akaijifunza nafasi mpya mpaka ikawa yake.

Halafu likaja jaribu. Machi 16, 2023, mechi ya Europa League dhidi ya Sporting ya Ureno, Saliba akaumia mgongo. Siku hiyohiyo Tomiyasu naye akaumia. Aprili ilipoanza tulikuwa tunaongoza ligi kwa pointi nane, ingawa City walikuwa na mechi moja mkononi. Tukaenda Liverpool, tukaongoza 2-0, ikaisha 2-2. Tukaenda West Ham, tukaongoza 2-0, ikaisha 2-2. Southampton, waliokuwa wanaburuza mkia, wakatutoa 3-3 nyumbani kwetu. Kisha City wakatupiga 4-1, na ubingwa ukaenda nao. Wengine walimlaumu Rob Holding aliyeingia badala ya Saliba. Mimi naona walimwonea. Holding alikuwa beki wa kukaa nyuma na kuzuia kwa kichwa. Akawekwa kwenye mfumo unaotaka mtu mwenye mbio. Ukuta ukitegemea tofali moja, lawama haziendi kwa tofali lililoazimwa.

Kocha Mikel Arteta alilielewa hilo. Kiangazi cha 2023 akaletwa Declan Rice kutoka West Ham, kiungo anayesimama mbele ya mabeki na kuzima moto kabla haujafika kwao. Akaja Jurriën Timber wa Ajax, ambaye masikini aliumia goti kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi. Na akaja kipa David Raya kwa mkopo kutoka Brentford.

Hapa pa Raya panauma kidogo. Kipa wetu Aaron Ramsdale alikuwa ametoka kuchaguliwa kwenye kikosi bora cha msimu na wachezaji wenzake wa ligi. Hakuwa na kosa kubwa. Akajikuta benchi, na mwaka uliofuata akauzwa Southampton. Mpaka leo sijaipenda namna ile. Lakini nikiangalia uwanjani sina la kubisha: Raya anatoka kudaka krosi ambazo makipa wengi wanaziogopa, na akiwa na mpira mguuni hababaiki. Msimu ule alimaliza mechi 16 za ligi bila kufungwa, akachukua tuzo ya glavu ya dhahabu. Saliba naye alicheza mechi zote 38, kila dakika.

Mechi ya kuitafuta uirudie ni ya Machi 31, 2024, kwa City. Mwaka mmoja kabla tulipigwa nne uwanja ule. Safari hii 0-0. Wengi walisema mechi imeboa. Mimi sikupepesa macho. Haaland alikuwa katikati ya Saliba na Gabriel kama mtu aliyebanwa kwenye daladala la saa kumi na mbili jioni. Kila akigeuka, yupo mmoja.

Kombe je? Hatukulipata. City walimaliza na pointi 91, sisi 89. Aprili ileile Aston Villa walikuja kwetu wakatufunga mawili ndani ya dakika za lala salama, baada ya dakika zaidi ya themanini za kuzuia vizuri. Msimu wa 2024/25 tukafungwa 34, tena machache kuliko timu zote, na tena tukawa wa pili. Safari hiyo shida haikuwa nyuma, ilikuwa sare 14. Kwa hiyo jirani yangu wa Man U akinicheka kwamba ukuta hauli kombe, namwacha acheke. Lakini nikimuuliza beki gani wa timu yake angeingia kwenye ukuta wetu, anabadilisha mada.

Zoezi la wiki hii ni dogo. Mechi ijayo, ya timu yoyote unayoipenda, chagua beki mmoja wa kati, na kwa dakika kumi usiufuate mpira kabisa. Mfuate yeye. Angalia mara ngapi anageuza shingo kutazama nyuma yake, anamsemesha nani, anasogea hatua ngapi wakati mpira uko upande wa pili kabisa. Andika idadi kwenye karatasi. Jumapili tukikutana uwanjani tulinganishe, na ninyi mnaocheza ubeki njooni mapema kidogo kabla timu hazijapangwa.