Njaa Inapoingia Katika Mawazo

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 1 Samweli 14:24-33, Kutoka 16, Hesabu 11

Tunawasalimu ninyi nyote mlio Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na ndugu zetu wanaokaa Endiinzi na wale waliokwenda kutafuta maisha Mbarara. Somo la mwezi huu tunalianza kwa kutubu, maana lilitokana na kosa letu wenyewe.

Jumamosi moja tulifika kanisani tukawakuta kina mama wa kwaya wameacha kuimba, wanaongea juu ya chakula. Mmoja alikuwa anaeleza jinsi walivyokuwa wanapika sombe kwa mawese na ndagala kule Fizi. Mwingine akasema habari ya mikeke ya Uvira, jinsi inavyochomwa jioni kando ya ziwa na watu wanavyoila na bugali ya muhogo. Walikuwa wanacheka. Sisi hatukucheka. Tulifungua Wafilipi 3:19 tukawasomea habari ya watu ambao mungu wao ni tumbo, tukawaambia waimbaji wa Bwana hawapaswi kuwa na mawazo ya sufuria. Wote wakanyamaza. Baada ya mazoezi mzee mmoja wa kanisa alituvuta pembeni akasema kwa upole: "Mchungaji, wale mama, watatu kati yao hawajaweka kitu mdomoni tangu jana mchana."

Tulirudi nyumbani tumenyamaza. Tena tuseme kweli yote: wakati tulipokuwa tunawakemea, sisi wenyewe tulikuwa tunawaza maharage yaliyobaki jikoni, kama watoto wangetuachia.

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa juu ya ulafi kama moja ya dhambi kubwa, na fundisho lile ni la kweli. Lakini tulifundishwa tukiwa wanafunzi wanaokula mara tatu kwa siku, na hakuna aliyetuambia kwamba mtu mwenye njaa na mtu mlafi wanaweza kufanana kwa nje. Wote wawili wanasema chakula asubuhi na jioni. Mchungaji asiyeuliza huyu amekula lini atawapiga wote kwa fimbo moja.

Kuna jambo lililofanyika Marekani ambalo limetusaidia kuelewa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu aitwaye Ancel Keys alitaka kujua njaa inamfanya nini mwanadamu, ili watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa njaa wapate kusaidiwa vizuri. Vijana 36 walijitolea. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, na wengi wao walitoka katika makanisa yanayofundisha amani. Katika mwaka 1945, kwa miezi sita, walipewa milo miwili kwa siku, mkate, viazi, makaroni na mboga za mizizi, karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipungua karibu robo ya uzito wao.

Lakini sikieni kilichotokea kichwani. Vijana hawa, wenye elimu na wenye imani, walianza kuwaza chakula mchana na usiku. Walikusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma kama sisi tunavyosoma Zaburi. Waliota chakula. Walikaa na sahani muda mrefu, wakichanganya na kugawanya, wakailamba. Wakawa wepesi wa hasira na wazito wa kusali au kusoma. Tena hata walipoanza kulishwa vizuri, wengi walikula sana na bado wakasema hawajashiba, kwa majuma na hata miezi. Hawakuwa walafi walipoingia katika nyumba ile. Ni mwili uliokuwa unapiga kelele ndani ya kichwa, kama mtoto anayelia hadi mama ageuke.

Wapendwa, sisi hatukujitolea kama vijana wale, lakini miili yetu ni ileile. Mnakumbuka Aprili 2020 mgao ulipopunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi, hawa wapate zaidi, hawa wapate kidogo, hawa wajitegemee. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja katika Uganda nzima wakaondolewa katika orodha ya chakula. Nasi tunakaa Isingiro, wilaya ya ndizi, ambapo malori ya matoke yanapita mbele ya macho yetu kuelekea Mbarara! Mtu anayeona hayo na kuwaza chakula hana pepo. Ana njaa.

Sasa twende kwenye 1 Samweli 14. Mfalme Sauli aliapisha jeshi lake kwamba mtu yeyote asile kitu mpaka jioni. Ilionekana kuwa ni kiapo cha kiroho. Watu wakapita msituni, asali ikiwa inadondoka, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Yonathani mwanawe hakusikia kiapo. Akachovya ncha ya fimbo yake katika asali, akala kidogo tu, na Biblia inasema macho yake yakapata nuru. Hakula sufuria nzima. Kidogo, kwa wakati wake, na mwili ukarudi.

Na wale wengine walioshika kiapo? Someni mstari wa 32. Jioni ilipofika waliyarukia mateka, wakachinja kondoo na ng'ombe pale chini, wakala nyama pamoja na damu, jambo lililokatazwa na torati. Tumeusoma mlango huu miaka mingi bila kuona hili. Sauli alitaka watu watakatifu, akapata watu wanaokula damu. Yonathani yeye alilaumu wazi neno la baba yake, kwamba limeitaabisha nchi.

Wengi wetu tunaishi kama jeshi la Sauli. Siku ya kupokea inapofika tunapika kama watu wa harusi. Siku kumi za kwanza sahani zimejaa, wageni wanakuja, na sehemu nyingine ya unga imeuzwa ili kulipa deni la duka. Kisha zinafuata siku za chai bila sukari. Au mama anakaa asubuhi mpaka jioni bila kula ili watoto wapate, halafu usiku, watoto wamelala, anamaliza ukoko wa sufuria akiwa amesimama gizani, na baadaye anajiona mwenye dhambi. Mama, wewe si mwizi katika nyumba yako. Mwili ulionyimwa mchana kutwa utadai usiku, tena utadai kwa nguvu, na hautachagua.

Kwa hiyo wale wanaotaka kula kwa afya na wanasumbuliwa na mawazo haya, tunawashauri kwanza wasijinyime zaidi. Kile kidogo kilichopo kigawanywe. Kama ni mlo mmoja wa jioni, chukua sehemu yake uifanye uji wa asubuhi. Chakula hakitaongezeka, lakini kichwa kitajua saa yake, na kikijua saa kinapunguza kelele. Siku ya kupokea, kabla ya kupika, pimeni unga kwa kikombe na mhesabu siku. Mume na mke wafanye pamoja, maana nyumba nyingi zimegombana kwa sababu mmoja anajua unga umebaki kiasi gani na mwingine hajui.

Pili, tuangalie kinachokaa tumboni. Bugali peke yake inajaza upesi na kuondoka upesi. Mahindi pamoja na maharage yanajenga mwili kuliko kila moja peke yake. Maharage yakilowekwa usiku yanaiva kwa kuni chache, na kuni pia ni taabu yetu. Wale ndagala wadogo ambao Waganda wanawaita mukene, kiganja kimoja kilichotwangwa katika mchuzi kinasaidia watoto sana. Lengalenga, ambayo hapa inaitwa dodo, inaota hata nyuma ya choo (msichume hapo, tafadhali!), na inaweza kupandwa katika gunia lenye udongo mlangoni, ikanyweshwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani vina vitamini A inayolinda macho ya watoto. Na chai tusiinywe pamoja na chakula, tungoje kidogo, kwa kuwa inazuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga.

Kuna kundi jingine ambalo tunalihurumia hasa. Ni wale walioambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa wa sukari au presha. Ndugu huyu anaambiwa punguza bugali, punguza chumvi, acha soda, na anaporudi nyumbani kitu alicho nacho ni unga wa mahindi na chumvi! Tangu siku ile hawazi kitu kingine ila kile alichokatazwa. Ndugu, usiache kula kwa hofu. Sahani yako iwe na mboga nyingi kuliko mwanzo, maharage ya kutosha, na bugali kiasi cha ngumi, kwa saa zilezile kila siku. Ukimeza dawa za sukari au kuchoma insulini bila kula, sukari inaweza kushuka ghafla. Jasho linatoka, mikono inatetemeka, akili inachanganyikiwa, hata kuzimia. Hapo apewe kitu cha sukari upesi kama bado anaweza kumeza, kisha apelekwe kituo cha afya.

Na hapa tunasema neno juu ya kufunga, tukijua kwamba wengine hawatapenda. Kanisa letu linapenda mfungo wa siku tatu. Kuanzia sasa, mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mgonjwa wa sukari, mgonjwa wa kifua kikuu, mtu anayemeza dawa kila siku na mtoto wasifunge chakula bila kwanza kumwuliza mhudumu wa afya. Na mtu ambaye jana hakula kwa kukosa, leo asihesabiwe kuwa anafunga. Kufunga ni kuacha kitu ulicho nacho. Tusiwe Sauli mwenye kiapo juu ya watu waliochoka.

Je, basi, hakuna dhambi katika mawazo ya chakula? Ipo, na Biblia inatuonyesha mahali pake. Linganisheni Kutoka 16 na Hesabu 11. Katika Kutoka watu walikuwa na njaa ya kweli jangwani, wakanung'unika vibaya sana, na Mungu akawapa kware jioni na mana asubuhi. Hakumpiga hata mmoja. Katika Hesabu watu walikuwa na mana kila siku, wakalia kila mtu mlangoni pa hema yake wakikumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri. Hapo hasira ya Bwana ikawaka. Kwa nini? Kukumbuka samaki si kosa. Walisema waliwala bure, wakasahau viboko na matofali na watoto wachanga waliotupwa mtoni. Waliidharau mana iliyowalisha, wakatamani kurudi utumwani. Yule anayeuza shamba la watoto kwa ajili ya nyama na pombe, au anayekula cha wengine kwa siri wakati wao wanalala njaa, huyo na asome Hesabu 11 kwa kutetemeka. Lakini mama anayekumbuka mikeke ya Uvira na kucheka na wenzake anakumbuka nyumbani. Bwana Yesu mwenyewe alipotufundisha kuomba alitia chakula cha siku ndani ya sala.

Msiwapige watoto wanaoficha chakula chini ya mto au mfukoni. Mtoto aliyelala njaa anaweka akiba kwa hofu. Mwonyesheni mtoto chakula cha kesho kilipowekwa, na asubuhi mpeni kama mlivyoahidi. Mtoto anayekonda, au anayevimba miguu, au nywele zake zinakuwa nyepesi na kubadilika rangi, msingoje maombi ya Jumapili. Mpelekeni kituo cha afya apimwe mkono kwa utepe, nasi tutaombea njiani.

Kwa asiye na kitu kabisa, ushauri wa kupima unga kwa kikombe ni kama dhihaka, nasi tunalijua hilo. Kwa ajili yake tunasema na kanisa. Tuliwaomba kina mama wa kwaya msamaha mbele ya wote. Sasa mazoezi ya Jumamosi yanaanza na uji, na kila mwenye uwezo analeta kikombe kimoja cha unga siku ya kupokea na kukiweka katika ndoo yenye kifuniko iliyo karibu na mimbari. Mashemasi wawili wanaandika kinachoingia na kinachotoka. Majina ya wanaopewa hayasomwi.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:

Ni nani katika kikundi chenu aliyeacha kuja, na mara ya mwisho mlimwuliza lini kama amekula?

Kwa nini watu wa Sauli walikula damu, na Yonathani hakula? Someni tena mstari wa 27 hadi wa 33.

Kila mmoja aeleze chakula kimoja cha nyumbani kwao na jinsi kinavyopikwa. Mcheke kama mnaweza. Mchungaji hatakemea.