Pima Maji ya Kisima Chako

Mkulima, usiyaamini maji ya kisima kwa kuwa yanang'aa. Mvua inaponyesha, uchafu wa choo na wa samadi huzama ardhini, ukafika kwenye maji unayokunywa. Mahali kama Mwiki, karibu na Ruiru, ambako mashamba yamekatwa kuwa viwanja, choo cha jirani chaweza kuwa karibu na kisima chako kuliko cha kwako. Basi fanya hivi:

1. Pima mwendo kutoka kisimani mpaka kila choo. Usipungue meta 30.

2. Maji yapimwe mara mbili kwa mwaka: wakati wa kiangazi, na baada ya mvua ndefu za Machi hadi Mei. Omba chupa ya maabara, usiiguse ndani, uiweke penye baridi, na uifikishe kabla ya saa 24 kupita.

3. Andika majibu katika daftari. Vijidudu vya kinyesi visionekane kabisa katika mililita 100. Naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Ikizidi yaweza kumdhuru mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Floraidi, itokayo miambani na kuharibu meno, isizidi miligramu 1.5.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti wala floraidi. Ukiona hesabu inapanda kila ukipima, usingoje mtu augue. Mtafutie mtoto maji mengine, kisha umwarifu Afisa wa Afya ukiwa na daftari lako mkononi.