SOMO KWA WATU WA NDOA: MOYO UNAOUMIA NYUMBANI

 Somo hili tulilitayarisha kwa watu wa ndoa, lakini wajane nao walisome, na kijana ambaye angali anatafuta mahari asilipite.

Fungueni kwanza 1 Samweli 25, someni kutoka mstari wa 2 mpaka wa 38.

Tumesikia mahubiri mengi juu ya Nabali, na karibu yote ni juu ya uchoyo wake. Mtu mwenye kondoo 3000 na mbuzi 1000 alimnyima Daudi chakula. Ni kweli. Lakini leo tutazame nyumba yake. Mtumishi wake anasema kwamba bwana huyu hasemeki naye. Mke wake Abigaili anarudi usiku na habari kubwa ya kufa na kupona, anamkuta mume amelewa, basi ananyamaza, hamwambii neno dogo wala kubwa mpaka kunapambazuka. Ni nyumba ambamo mke anangojea pombe itoke ndipo aseme. Asubuhi anamwambia, na moyo wa Nabali unakufa ndani yake, anakuwa kama jiwe. Kisha siku kama kumi anakufa kabisa. Maandiko yanasema ni Bwana aliyempiga, nasi hatuondoi neno hilo. Lakini angalieni njia: habari iliingia kwa sikio, ikaangusha moyo wa nyama. Wala hakukuwa na mchawi katika habari hii.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, nami nilikuwamo.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa akishikwa na moyo kila jioni. Unapiga mbio, kifua kinabana, usiku halali. Alikuja chumba cha maombi. Tuliomba siku tatu na kufunga. Siku ya tatu mtu mmoja akauliza: ni nani anakuchukia katika ukoo? Mama akataja wifi yake. Toka hapo shauri likawa la uchawi. Mimi shemasi nilikuwa kati ya wale waliotikisa kichwa kukubali. Jamaa mbili zikaacha kusalimiana, na wifi yule, aliyekuwa akiketi benchi moja nasi, akaacha kuja kanisani.

Kisha mama akaanguka akisafisha ndagala. Wakamfikisha kwenye kituo cha afya, wakampima tansio, ikawa 19 juu ya 11. Muuguzi, mama mtu mzima, hakumwuliza anachukiwa na nani. Alimwuliza: unalala? Na mume wako yuko wapi? Ndipo akafunguka. Mume alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, kule Fizi, miezi 14. Simu haipokelewi. Mtu aliyetoka huko alimwambia kwamba bwana ana nyumba nyingine. Kila jioni, saa ambayo zamani mume aliingia, moyo ulikuwa unaanza. Sisi hatukuwa tumeuliza hata swali moja juu ya mume.

Ndugu, mwili umeumbwa hivi. Ukikutana na nyoka njiani, mwili unamwaga katika damu dawa yake yenyewe iitwayo adrenalini. Moyo unapiga kwa nguvu, mishipa inakazwa, unaruka. Nyoka akiondoka, mambo yanatulia. Hii ni neema. Lakini mtu anayekaa na hofu nyumbani, yaani hofu ya kuachwa, ya kutukanwa, ya kungojea hatua za mlevi mlangoni, kwake nyoka haondoki. Mwili unakesha pamoja naye. Usingizi unaharibika, mtu anakunywa zaidi au anavuta zaidi, na tansio inapata njia ya kupanda. Sitaki mtu aseme kwamba kila tansio inaletwa na ndoa. Iko ya ukoo, ya chumvi nyingi, ya unene, ya uzee. Lakini huzuni ya nyumbani nayo imo katika hesabu.

Mwaka 1990 waganga wa Ujapani waliandika juu ya wagonjwa waliofika na maumivu ya kifua kama watu ambao mshipa wa moyo umeziba, na walipochungulia wakaona mishipa haijaziba. Sehemu ya moyo ilikuwa imevimba na kulegea, ikachukua umbo la chungu chenye shingo nyembamba ambacho wavuvi wa huko hukitumia kutegea pweza. (Pweza ni mnyama wa bahari mwenye mikono minane, ziwa letu halina.) Chungu hicho kinaitwa takotsubo, na ugonjwa ukapata jina hilo. Mara nyingi unakuja baada ya pigo kubwa: kifo cha mpenzi, hofu, ugomvi mkali. Wagonjwa wengi ni wanawake waliopita umri wa kuzaa. Wengi wao wanapona baada ya majuma kadhaa wakitunzwa hopitali, lakini wako wanaokufa. Kwa hiyo mama mzee akisema moyo wangu umevunjika, usimcheke.

Na wanaume? Sisi tunajifanya miti ya msituni. Mwaka 1969 waganga wa Uingereza walitoa hesabu ya wanaume 4486 wa miaka 55 na zaidi waliofiwa na wake zao. Katika miezi sita ya kwanza vifo vyao vilizidi kwa 40 kwa mia vifo vya wanaume wa umri wao wenye wake, na wengi waliuawa na moyo. Hapa kwetu tunakuja kwenye matanga, tunaimba, tunakula, siku za kilio zikiisha tunamwacha mzee peke yake na sufuria asiyojua kuipika. Baada ya maji ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobeba nyumba na watu, wajane wa namna hii tulikuwa nao katika makartie mengi. Tulihesabu mabati. Mioyo hatukuihesabu.

Sasa, kifungo hiki cha mtu na mtu kinaanza wapi? Kinaanza mgongoni mwa mama. Na habari hii ilichunguzwa karibu nasi, Uganda. Mwaka 1954 mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alifika Kampala akimfuata mume wake aliyepata kazi huko. Akatembelea mara kwa mara mama 26 wa vijiji vya Buganda na kutazama watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto anatambaa mbali kidogo, anageuka kumtazama mama, anaendelea kucheza, akiogopa anarudi. Mama ni kama bandari na mtoto ni mtumbwi. Watoto ambao mama zao waliwaelewa vizuri walilia kidogo na kutembea kwa uhodari. Wengine walilia sana, hata mikononi mwa mama, kama wasio na hakika naye. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba mtu mzima naye anamtafuta mwenzi wake jinsi hiyo. Yuko anayetulia. Yuko anayeng'ang'ania na kuuliza mara ishirini ulikuwa wapi. Yuko anayefunga mlango wa moyo na kusema simhitaji mtu.

Hapa nataka tukae kidogo, sisi watu wa Uvira wa umri wangu. Mwezi wa kumi 1996 vita vilipotufikia, tulikimbia kama tulivyokuwa. Wengi walivuka ziwa mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule. Mimi nilikuwa na miaka 13. Mama alipanda mtumbwi na wadogo zangu, baba nami tukakosa nafasi. Miezi saba sikujua kama mama yu hai. Tulionana tena, Mungu asifiwe, na sikulia hata machozi, watu wakasema nimekuwa mwanaume.

Lakini mpaka leo Mama Shemasi akichelewa sokoni, giza likianza, mimi napata hasira. Akifika namkemea juu ya mboga, juu ya mtoto, juu ya lolote. Miaka mingi nilidhani ni ukali wa baba wa nyumba. Siku moja aliniuliza polepole: Baba, kwani unaogopa nini? Nilikaa kimya. Nilikuwa kando ya ziwa tena, nikitazama mtumbwi. Watoto wa 1996 na wa 1998 sasa ndio mabwana na mabibi, tena vita havijaacha kutenga watu. Basi mwenzi wako akikukaba kwa maswali, au akinyamaza kama ukuta, kabla ya kumwita mkaidi mwulize alipotea na nani, na wapi.

Maneno ya nyumbani yanaingia mpaka kwenye ngozi. Mwaka 2005 huko Ohio, Marekani, waganga waliwatia watu wa ndoa, jozi 42 za mume na mke, vidonda vidogo mkononi, wakawatazama wakizungumza. Wale waliosemezana kwa uadui vidonda vyao vilipona kwa mwendo wa 60 kwa mia tu ya wale wenye upole. Mwaka uliofuata wengine walitazama ubongo wa wake 16 waliongojea kupigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhikwa mkono na mume hofu ilipungua, tena ilipungua zaidi kwa wale wenye ndoa njema. Mkono tu, ndugu! Nasi tunaona haya kumshika mke mkono kutoka kanisani mpaka barabarani.

Mtu asichukue somo hili kumrudisha mama anayepigwa kwenye nyumba ya fimbo. Mkono unaopiga si bandari. Mama huyo atafutiwe kwanza mahali salama, mashauri yafuate baadaye. Na bwana mwenye biro ya pili asije kuniambia kwamba mke wake ana tansio kwa sababu hana imani.

Kwa waombaji: tutaendelea kuomba, lakini mtu mwenye moyo unaopiga mbio apimwe kwanza. Tansio ikifika 14 juu ya 9, ikapimwa tena siku nyingine ikawa vile vile, hiyo ni ugonjwa. Dawa za munganga zisiachwe kwa sababu ya ndoto wala unabii. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, pumzi ikikatika, ni hopitali saa ile ile, si kesha. Nanyi mlio na waume Misisi au ng'ambo, na ninyi waume wenyewe: simu fupi ya jioni, hata bila pesa, inamwambia mtu kwamba hajaachwa.

Yule mama anakunywa dawa zake kila siku, na tansio imeshuka. Bwana alipiga simu mwishoni, akakiri, akaja siku nne, akarudi machimboni. Shauri lao bado liko kwa wazee. Wifi yule tulimwendea nyumbani, watu watatu, kumwomba msamaha. Alitupa viti na maji ya kunywa, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Mpaka ninapoandika somo hili, nafasi yake kwenye benchi iko wazi.