Ufunguo wa Jirani

Ndugu zetu Waislamu, izingatieni khabari hii. Tarehe 28 Januari 2017, katika mji wa Victoria, Texas, Marekani, msikiti uliteketezwa kwa chuki. Mayahudi wa mji huo ni wachache. Juu ya hayo, sinagogi lao la B'nai Israel liliwapa Waislamu ufunguo wapate pa kusali. Makanisa nayo yakafungua milango, na michango ikapita dola 1,000,000. Mwaka 2018 msikiti mpya ukafunguliwa.

Je, hayo ni mageni kwetu? La. Aya ya 40 ya Suratul-Hajj yayataja masinagogi na makanisa pamoja na misikiti kuwa ni nyumba za kulindwa, na Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Kumtendea wema jirani si kuchanganya dini. Mayahudi wale hawakuiacha yao.

Basi tujiulize: nyumba ya ibada ya jirani yetu ikiungua usiku, tutakwenda na ndoo za maji, au tutakaa barazani kutazama? Elimu isiyovuka mlango wa darasa huwa hoja juu yetu Siku ya Kiyama. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.